Hugo Gernsback (1884–1967): Mhariri, Wasomaji Wake na Chimbuko la Uhakiki wa Riwaya za Kisayansi

1.0 Utangulizi

Historia za fasihi aghalabu huandikwa kwa kufuata majina ya watunzi. Mhariri hutajwa kwa sentensi moja, na msomaji hatajwi kabisa, ila pale mhakiki anapotaka kudai kuwa kitabu fulani kilipendwa. Makala haya yanahusu maisha ya mtu ambaye hakuwa mtunzi mzuri, ambaye kama mhariri alilaumiwa sana na waandishi wake, na ambaye hata hivyo jina lake linabebwa na tuzo mashuhuri kuliko zote za riwaya za kisayansi na za fantasia. Mtu huyo ni Hugo Gernsback. Hoja yetu ni kwamba mchango wake mkubwa haumo katika hadithi alizoziandika wala katika nadharia aliyoihubiri, bali umo katika kurasa za nyuma za majarida yake, ambamo wasomaji walipewa nafasi ya kuelezana ni hadithi ipi inafaa kusomwa na ipi haifai, na kwa nini.

Istilahi zahitaji kuelezwa mapema. Kwa riwaya ya kisayansi tunakusudia hadithi ya kubuni inayojenga ulimwengu wake juu ya jambo la sayansi au la ufundi ambalo bado halijatokea. Kwa fantasia tunakusudia ile inayojenga ulimwengu wake juu ya mambo ambayo hata sayansi haidai kuwa yatatokea. Mpaka kati ya tanzu hizi mbili haujapata kuwa imara, na kama tutakavyoona, ugomvi juu ya mpaka huo ulikuwa ndio uhai wa barua za wasomaji wa Gernsback. Mtafiti wa Kiswahili hana sababu ya kuona jambo hili kuwa la mbali. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) na Walenisi ya Katama Mkangi (1995) ni kazi zinazotuuliza swali lilo hilo, ingawa wahakiki wetu wamezoea kuzisoma zaidi kama istiari za siasa.

2.0 Kutoka Luxembourg hadi New York

Gernsback alizaliwa tarehe 16 Agosti 1884 katika mji wa Luxembourg, katika familia ya Kiyahudi. Jina la ukoo lilikuwa Gernsbacher, na baba yake alifanya biashara ya mvinyo. Tangu utotoni alivutwa na umeme: kengele, betri na nyaya. Alipenda kusimulia kwamba akiwa bado mtoto alipata kitabu cha Percival Lowell, mwanafalaki wa Kimarekani, kuhusu sayari ya Mirihi, na kwamba wazo la kuwapo viumbe wenye akili huko lilimshika hata akaugua homa na kuweweseka kuhusu mifereji na majiji ya sayari hiyo. Kisa hiki tunakipokea kwa tahadhari, kwa kuwa msimulizi ndiye aliyenufaika nacho. Ila kinatudokezea jinsi alivyotaka aeleweke: kama mtu ambaye kwanza alikuwa msomaji.

Alisoma katika shule ya ufundi ya Luxembourg, kisha katika chuo cha ufundi cha Bingen, Ujerumani. Mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 19, alisafiri kwenda Marekani akichukua betri aliyoibuni mwenyewe. Betri hiyo haikumtajirisha. Kilichomwinua ni biashara ya kuagiza na kuuza vifaa vya umeme, na hasa chombo kidogo cha simu ya upepo alichokiuza kwa bei isiyofika dola 10 katika miaka ambayo raia wa kawaida hakudhani kuwa chombo cha namna hiyo kingeweza kuwekwa sebuleni.

Wanunuzi wa vifaa hivyo walikuwa vijana waliotawanyika nchi nzima, kila mmoja akijaribu peke yake. Mwaka 1908 Gernsback alianzisha jarida la Modern Electrics ili kuwaelimisha, na mwaka 1909 akawaundia chama cha wapenzi wa simu ya upepo. Alichapisha pia orodha ya vituo vyao ili waweze kutafutana. Wanaoandika juu yake kama mtu wa fasihi hulipita jambo hili haraka, na kwa maoni yetu wanakosea. Mbinu ya kuwakutanisha watu wasiojuana kwa kuchapisha majina na mahali walipo aliijaribu katika waya na betri miaka mingi kabla ya kuitumia katika hadithi.

Katika Modern Electrics ndimo alimotoa riwaya yake, Ralph 124C 41+, kwa sehemu 12 kuanzia Aprili 1911 hadi Machi 1912. Hadithi yenyewe yatokea mwaka 2660. Ralph ni mvumbuzi mkubwa. Jina lake la tarakimu, likisomwa kwa Kiingereza, hutoa maana ya mtu anayewaonea wenzake mambo ya mbele. Anamwokoa msichana kutoka katika maporomoko ya theluji huko Uswisi bila ya kuondoka New York, na baadaye anamfuata angani baada ya kutekwa nyara. Riwaya hii inasifiwa kwa kueleza, pamoja na mchoro, chombo kinachofanana sana na rada. Kwa upande wa fani haina la kusifiwa. Wahusika ni bapa, mazungumzo ni mihadhara, na msuko husimama kila mara mwandishi anapotaka kueleza mashine. Mwanafunzi anayeifungua leo kwa kutafuta burudani atachoka mapema. Anayeifungua kwa kutafuta kujua Gernsback aliamini nini juu ya kazi ya fasihi atapata jibu kamili: aliamini kuwa hadithi ni chombo cha kufundishia.

3.0 Amazing Stories na kurasa za barua

Majarida yaliyofuata, likiwamo Science and Invention, yaliendelea kuchanganya makala za ufundi na hadithi. Toleo la Agosti 1923 la jarida hilo lilitengwa mahususi kwa hadithi za aina hiyo. Kisha likatoka toleo la Aprili 1926 la Amazing Stories, jarida la kwanza la Kiingereza lililoshughulikia hadithi za kisayansi peke yake. Bei yake ilikuwa senti 25. Michoro ilikuwa ya Frank R. Paul, na kazi za kila siku za uhariri zilikuwa mikononi mwa T. O'Conor Sloane, mzee aliyekwisha kupita miaka 70. Juu ya ukurasa wa yaliyomo paliwekwa mchoro wa kaburi la Jules Verne lililoko Amiens, Ufaransa.

Toleo hilo la kwanza halikuwa na hadithi mpya. Lilikuwa na Verne, H. G. Wells, Edgar Allan Poe na wengine watatu, wote wakichapishwa upya. Gernsback aliutangaza utanzu huu kwa jina la scientifiction, neno alilolifinyanga mwenyewe, na akaueleza kuwa ni mapenzi ya kusimulia yaliyochanganywa na ukweli wa sayansi na maono ya mambo yajayo, kwa mfano wa hao watunzi watatu. Ni ufafanuzi mfupi, lakini ulifanya kazi ambayo watangulizi wake hawakuifanya. Ulimpa msomaji kipimo. Mara baada ya kupewa kipimo, msomaji alianza kukitumia.

Barua zilimiminika. Kuanzia toleo la Januari 1927 zilipewa safu yao, iliyoitwa Discussions. Mhariri alijibu chini ya barua, mara kwa upole, mara kwa kujitetea. Jambo lililoipa safu hiyo nguvu yake ni dogo, karibu la kikarani: anwani kamili za waandishi wa barua zilichapishwa pamoja na majina yao. Hivyo kijana wa mji mdogo aliyesoma kwamba mwenzake wa jimbo jingine naye ameichukia hadithi ileile hakulazimika kungoja mwezi mzima ili ajibizane naye kupitia kwa mhariri. Aliweza kumwandikia moja kwa moja.

Mtu aliyezoea historia ya magazeti ya Kiswahili atakumbuka kwamba katika miaka ileile Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, lilikuwa likichapisha mashairi ya watu wa miji mbalimbali waliojibizana bila ya kuonana. Hatudai kuwa kuna uhusiano kati ya mambo haya mawili. Tunachosema ni kuwa pande zote mbili gazeti lilifanya kazi ya baraza.

Je, wasomaji hao waliambiana nini? Walipendekeza hadithi za zamani walizotaka zichapishwe upya. Walizipanga hadithi za toleo zima kwa daraja, kutoka bora hadi hafifu. Waliwasahihisha waandishi katika hesabu, fizikia na falaki, wakati mwingine kwa ukali usiolingana na kosa. Baadhi walichoshwa na kuchapishwa upya kwa kazi za zamani. Wengine waliona kuwa hakuna mwandishi mpya aliyemfikia Wells. Kubwa zaidi, waligombana juu ya fantasia. Mwaka 1927 jarida lilitoa upya The Moon Pool ya A. Merritt, riwaya ya mapango, nuru za ajabu na viumbe wa kale, ambayo sayansi yake ni pazia jembamba tu. Kwa kipimo cha mhariri mwenyewe haikustahili kuwamo. Aliiingiza kwa sababu Merritt alipendwa, na hapo nadharia yake ikaanza kuvuja. Utanzu ulikuwa tayari unafafanuliwa na wale wanaoununua.

Mifano miwili yatosha kuonyesha kiwango ambacho mazungumzo haya yaliweza kufikia. Jack Williamson alikuwa kijana wa shambani huko New Mexico, mbali na maktaba yoyote kubwa. Mwaka 1928 tahariri aliyoiandika kuhusu utanzu huu ilichapishwa katika Amazing Stories Quarterly na kumpatia dola 50. Desemba ya mwaka huohuo hadithi yake ya kwanza ikatoka katika Amazing Stories. Aliendelea kuandika hadi karne iliyofuata, akafariki mwaka 2006. Alianza kama mhakiki, kisha ndipo akawa mtunzi.

Mfano wa pili ni Clare Winger Harris. Alishika nafasi ya tatu katika shindano la jarida, na hadithi yake ikatoka katika toleo la Juni 1927, pamoja na maneno ya mhariri ya kustaajabu kwamba mwanamke ameweza kuandika hadithi nzuri ya kisayansi. Leo maneno hayo humwaibisha aliyeyaandika. Mwaka 1931, katika barua iliyochapishwa katika toleo la Agosti la Wonder Stories, Harris aliainisha dhamira 16 za utanzu huu: safari za anga, safari za wakati, wadudu wakubwa kupita kiasi, ulimwengu ndani ya chembe, mashine zenye uwezo wa ajabu na nyinginezo. Huu ni uainishaji miongoni mwa wa mapema kabisa, na ulitolewa na msomaji katika safu ya barua, wakati ambapo hakuna idara ya fasihi iliyoona kwamba vitabu hivyo vilistahili kusomeshwa.

4.0 Kalamu inageuka

Februari 1929 kampuni ya Gernsback ilifilisika na Amazing Stories likatoka mikononi mwake. Miezi michache baadaye alikuwa na majarida mapya, Science Wonder Stories na Air Wonder Stories, ambayo mwaka 1930 yaliunganishwa kuwa Wonder Stories. Kwa kuwa neno lake la zamani lilibaki na mali ya zamani, alianza kutumia jina la science fiction, ambalo ndilo lililoenea. Ili kulinda kipimo chake aliweka jopo la wataalamu wa sayansi ambao majina yao yaliorodheshwa ndani ya jarida. Wasomaji hawakutishwa na orodha hiyo.

Habari ya malipo haikwepeki, maana ndiyo iliyomgawanya na waandishi wake. Alilipa kidogo, alilipa kwa kuchelewa, na mara nyingine hakulipa mpaka aliposhtakiwa. H. P. Lovecraft alipokea dola 25 kwa The Colour Out of Space, iliyotoka Septemba 1927, malipo yaliyo sawa na sehemu ndogo ya senti kwa kila neno. Katika barua zake binafsi alikuwa akimwita Gernsback panya. Watetezi wake husema kuwa miaka ile ilikuwa ya mdororo wa uchumi. Hoja hii ina uzito kwa mwaka 1932. Haina uzito kwa mwaka 1927.

Mwaka 1933 alimwajiri kijana wa miaka 17, Charles Hornig, kuwa mhariri, baada ya kuona kijarida ambacho kijana huyo alikitoa kwa ajili ya wapenzi wenzake. Vijarida vya namna hiyo vilikuwa vimeanza mwaka 1930, vikitolewa na watu waliofahamiana kwa kupitia safu za barua, na humo tahakiki za riwaya zilikuwa ndefu na kali kuliko zile ambazo mhariri yeyote wa biashara angezikubali. Mwaka 1934 Gernsback na Hornig wakaunda Science Fiction League, chama chenye matawi ambacho habari zake zilichapishwa katika Wonder Stories. Yumkini lengo kubwa lilikuwa kuuza nakala zaidi. Lakini matawi hayakukaa kama matawi ya duka.

Miongoni mwa wanachama alikuwamo Donald A. Wollheim, ambaye hadithi yake ya kwanza ilitoka katika Wonder Stories Januari 1934 na hakulipwa. Wollheim hakunung'unika peke yake. Alifanya lile ambalo safu ya barua ilikuwa imewazoeza wasomaji kulifanya: aliwaandikia wengine. Akagundua kwamba wapo waandishi kadhaa wenye madai kama yake, wakaungana, wakatafuta mwanasheria, na malipo yakapatikana nje ya mahakama. Septemba 1935 jarida lilitangaza kwamba Wollheim na wenzake wawili wamefukuzwa katika chama. Hapo ndipo tuonapo mvutano wa maisha yote ya Gernsback kwa uwazi kabisa. Aliyewafundisha wasomaji kuhukumu hadithi hakuwa tayari kuhukumiwa yeye mwenyewe, na kwa kuwafukuza alikubali kuwa uwezo huo sasa wanao. Wollheim hakunyamaza, alikuja kuwa mmoja wa wahariri wakubwa wa riwaya hizi, na mwaka 1971 alianzisha pamoja na mkewe nyumba ya uchapishaji ya DAW.

Nje ya Marekani mambo yalikwenda hivyohivyo. Tawi la Leeds, Uingereza, liliitisha mkutano tarehe 3 Januari 1937, ambao unahesabiwa na wengi kuwa wa kwanza wa wapenzi wa riwaya za kisayansi uliopangwa kwa kusudi hilo. Arthur C. Clarke, wakati huo kijana wa miaka 19, alihudhuria. Mkutano ulizaa chama cha Waingereza wenyewe. Wakati huo Gernsback hakuwa tena na Wonder Stories: alikuwa ameliuza mwaka 1936.

5.0 Hukumu juu yake

Aliendelea kuishi kwa majarida ya redio na ya elimu ya jinsia. Kama mvumbuzi alisajili hataza zipatazo 80. Mwaka 1952 alialikwa kuwa mgeni rasmi katika mkutano wa dunia wa wapenzi wa riwaya za kisayansi uliofanyika Chicago, na mwaka 1953 alijaribu tena kwa jarida la Science-Fiction Plus, ambalo lilidumu kwa matoleo saba tu. Kipimo chake cha kale, hadithi kama somo la sayansi, hakikuwa na wafuasi wa kutosha kulilipia.

Mwaka huohuo wa 1953, katika mkutano wa Philadelphia, wahudhuriaji walitoa kwa mara ya kwanza tuzo waliyoipigia kura wenyewe. Riwaya iliyoshinda ilikuwa The Demolished Man ya Alfred Bester. Tuzo hizo zikajulikana kwa jina la Hugo.

Wahakiki wa baadaye hawakukubaliana juu yake. Brian Aldiss, katika historia ya utanzu huu aliyoitoa mwaka 1973, alimhesabu kuwa balaa: kwa kuzifungia hadithi hizi katika jarida la peke yake aliziondoa katika mkondo mpana wa fasihi na kuzishusha hadhi. Gary Westfahl, katika kitabu chake cha 1998, alimtetea kwa kusema kuwa bila ya nadharia na maelezo yake pasingekuwapo utanzu unaojitambua. Tunaona kuwa wote wawili wanamtazama mhariri na kumsahau mwandikiwa. Ni kweli kwamba ukuta alioujenga Gernsback uliwatenga waandishi na wasomaji wa kawaida. Vilevile ni kweli kwamba ndani ya ukuta huo palikuwa na watu waliosoma kila kitu, wakakumbuka kila kitu, na wakatoa sababu za kupenda na kuchukia kwao, bila ya shahada wala ruhusa. Mtafiti anayetaka kujua riwaya za kisayansi zilivyopokewa kabla ya vyuo vikuu kuzijali hana hazina nyingine inayolingana na barua zile, pamoja na majina na anwani zake.

Mwaka 1960 Gernsback mwenyewe alipewa Hugo maalumu kwa heshima ya kazi yake katika majarida. Alifariki New York tarehe 19 Agosti 1967, siku tatu baada ya kutimiza miaka 83. Hakuzikwa, mwili wake ulitolewa kwa chuo cha tiba cha Cornell ili utumiwe katika sayansi.